Mama anayelea watoto peke yake na kipaji cha kucheza: apite mlango gani?

#1 Mzizima
Wakuu salaam. Chukueni mfano huu. Mama wa miaka 27, watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana miaka mitatu. Baba yao hayupo na hatoi hata senti. Mama anakaanga vitumbua asubuhi, anaishi chumba kimoja Mbagala, na kodi ya miezi mitatu inamngoja. Kwa kucheza hana mpinzani: kwenye sherehe ya mtaa akiingia uwanjani watu wanaacha sahani zao.

Milango naiona mitatu: kunengua kwenye bendi, kikundi cha ngoma za asili, au kufundisha (maharusi na akina mama wa mazoezi). Mimi nasema bendi ndiyo ya haraka, kwa sababu hela inapatikana usiku huohuo. Mnaoijua kazi nipingeni, lakini kwa hesabu. Mahubiri ya maadili tuyaache kwenye nyuzi nyingine.

#2 Kaskazi
Mkuu Mzizima, "usiku huohuo" ndiyo sehemu isiyo kweli. Mnenguaji wa bendi hupata hela kwa njia tatu: posho ya onyesho, mgawo wa viingilio, na kutunzwa. Mgawo unategemea watu waliolipa mlangoni, na anayehesabu mlangoni si yeye. Mvua ikinyesha saa mbili usiku, onyesho linapigwa kwa viti vitupu na posho inageuka ahadi.

Halafu tuzo. Ile noti anayobandikwa kwenye paji la uso si lazima iwe yake. Vikundi vingine noti zote zinaingia kapu moja na kugawanywa baada ya onyesho, vingine kila mtu na bahati yake, vingine kiongozi anachukua nusu. Jambo hili lazima liulizwe kabla ya mazoezi ya kwanza, tena mbele ya wenzake wote. Ukiuliza baada ya onyesho la kwanza unaonekana mchoyo.

Yanayopaswa kuandikwa hata kwenye nusu karatasi ya daftari: saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya nyimbo, posho ni kiasi gani na inalipwa lini, nauli ya kurudi ni ya nani, nguo za jukwaani ni za nani, na kama kuna kamera ya video. Nauli ya kurudi ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Saa nane usiku daladala hakuna, na bodaboda ya saa hiyo inameza robo ya posho.

#3 Chungwa
Nakazia la Kaskazi na naongeza ambalo nyote mmelikwepa. Mtoto wa miaka mitatu analala wapi?

Mazoezi ya bendi ni mchana siku tatu au nne kwa wiki, maonyesho ni usiku kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Vituo vya kulelea watoto mchana vipo, muhimu ni kuhakikisha kimesajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii. Usiku hakuna kituo. Usiku kuna jirani au bibi tu. Jirani akiachiwa mtoto usiku nne kila wiki atachoka mwezi wa pili, hata akilipwa. Wanaoacha jukwaa wakiwa na watoto wadogo hawaachi kwa kushindwa kucheza. Jirani anakuwa amefunga mlango.

#4 Ngoma Droo
Habarini. Mzizima, kikundi cha ngoma za asili umekitaja halafu ukakiruka. Maonyesho mengi ya hoteli, mikutano na mapokezi ya wageni ni ya mchana au jioni mapema, saa moja hadi saa tatu usiku. Mama analala kwake.

Ila kipaji cha sherehe ya mtaa hakitoshi. Kikundi kinachouzika kinahitaji ngoma tano au sita za sehemu tofauti: sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni, bugobogobo ya Wasukuma na majembe yake, mdumange wa Tanga, muheme wa Wagogo. Hiyo muheme ina faida kwa mwanamke, kwa sababu kwa Wagogo wanawake wenyewe ndio wapiga ngoma. Anayejua kupiga na kucheza anahesabiwa kama watu wawili, na kwenye safari ya watu wanane yeye hawezi kuachwa.

Mafunzo rasmi yapo Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanzishwa 2007.

#5 Mkia wa Taa
Marekebisho kidogo mkuu Ngoma Droo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza 1981. Mwaka 2007 kiligeuzwa kuwa taasisi, ndipo jina la TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) lilipoingia. Hilo lina maana kwa mada hii: mwalimu wa ngoma mtaani akisema "nimesoma Bagamoyo", muulize mwaka na fani.

Mimi napigia debe kufundisha. Darasa la mazoezi ya kucheza kwa akina mama wa mtaani, vipindi vitatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni, dakika 60. Wanawake 12, kila mmoja 2,000 kwa kipindi, jumla 24,000. Uwanja wa shule binafsi au kiukumbi cha mtaa tuseme 5,000. Zinabaki 19,000 kwa kipindi, 57,000 kwa wiki, 228,000 kwa wiki nne. Watoto wanakaa pembeni wanamwona mama yao. Kodi hapo imepatikana.

#6 Mzizima
Shukrani Mkia wa Taa, hizi ndizo hesabu nilizozitaka. Naanza kuyumba.

#7 Nyundo
Usiyumbe haraka. Hesabu ya #5 imechukulia kwamba 12 walioandikishwa ni 12 wanaokuja. Darasa la kulipa kila kipindi hupata saba au wanane. Saba mara 2,000 ni 14,000, toa uwanja 5,000, bakisha 9,000. Vipindi 12 vya mwezi vinakupa 108,000. Januari ya ada za shule ni chini ya hapo.

Dawa yake ni malipo ya mwezi, yanayolipwa kabla: 20,000 kwa kila mmoja. Wakiwa 12 ni 240,000, toa uwanja 60,000, zinabaki 180,000. Ni kidogo kuliko ndoto ya 228,000 lakini hela iko mkononi tarehe mosi, na aliyelipia anajikokota aje hata akiwa amechoka. Asiye na 20,000 kwa mkupuo alipe 10,000 mara mbili. Asikubali kukopesha vipindi. Deni la mazoezi halilipwi, na mdaiwa anaacha kuja ili asikutane na wewe, kwa hiyo unapoteza hela na mwanafunzi kwa pamoja.

Kitu kingine: asiliite darasa lake Zumba. Hilo ni jina la biashara lenye leseni, na mwalimu lazima apite mafunzo yao na kulipia ndipo alitumie. Aandike "mazoezi ya ngoma na singeli", watu wa mtaa wanaelewa vizuri zaidi.

#8 Pwani Moja
Salaam kutoka Mombasa. Nyundo, singeli kwa akina mama wa miaka 45? Muziki ule unafika mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Magoti ya watu hayo!

#9 Nyundo
Ndugu yangu wa Mombasa, hatuchezi kila pigo. Mwili unafuata pigo moja kati ya mawili, mikono ndiyo inajaza. Wimbo wa 240 unakuwa 120, mwendo wa kawaida wa mazoezi. Kinachoumiza magoti ni sakafu. Saruji tupu na ndala ni maumivu ya mfupa wa mbele wa mguu ndani ya wiki tatu. Viatu vya raba vyenye soli nene, au ardhi ya udongo ulioshindiliwa. Dakika kumi za kwanza hakuna kuruka: kutembea, kuzungusha nyonga, mabega, vifundo vya miguu. Na mwisho dakika tano za kunyoosha. Walimu wapya wanaruka sehemu hii kwa sababu wanafunzi wanataka "moto" tangu wimbo wa kwanza. Mwanafunzi akiteguka, mtaa mzima unajua kabla ya magharibi.

#10 Kaskazi
Narudi na mlango ambao haujapewa haki yake: maharusi. Sendofu, kicheni pati, harusi yenyewe, zote siku hizi zinataka kuingia kwa kucheza, na hapo mwalimu mmoja mzuri anagombaniwa.

Kazi yenyewe: maharusi na jozi nne za wapambe, vipindi vitano vya dakika 90. Kipindi cha kwanza nenda kaone ukumbi au uombe vipimo. Tuseme mlangoni hadi meza kuu ni mita 20. Bibi harusi mwenye gauni refu anapiga hatua ya sentimita 40, basi ni hatua 50. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, hatua moja kila mapigo mawili, anafika mbele kwa dakika moja. Ndiyo maana wimbo wa dakika nne usiopangiwa vituo unawaacha wamefika na muziki uko robo, wanatazamana. Unaweka vituo vitatu, kila kimoja mnahesabu moja hadi nane mara nne, na kipande cha mwisho mbele ya wazazi.

Kipindi cha tatu bibi harusi avae viatu vyenyewe vya siku ile na ajifunge kitenge kipana kuiga gauni. Asipofanya hivyo, siku ya harusi anakanyaga pindo kwenye mzunguko wa kwanza. Vigae vya ukumbi vinateleza, kwangua soli mpya kwa msasa. Wimbo ukatwe mapema na uwekwe kwenye flashi mbili, moja kwa DJ, moja mfukoni mwako. Simu ya mtu isitumike, itapigwa katikati.

Hela: tuseme mmekubaliana 250,000. Nauli za vipindi 20,000, usafiri wa usiku wa harusi 15,000, mtoto kuangaliwa mara sita kwa 5,000 ni 30,000, kukata wimbo 10,000. Jumla 75,000, zinabaki 175,000. Nusu ya malipo kabla ya kipindi cha kwanza na iliyobaki kabla ya siku ya harusi. Baada ya harusi kamati imevunjika, na mweka hazina hapokei simu.

#11 Chungwa
Kaskazi umepanga vizuri, ila umesahau kalenda. Kwaresma harusi za Wakristo zinapungua sana, Ramadhani za Waislamu zinasimama. Mwaka 2026 vyote viwili vimeanza wiki moja, katikati ya Februari. Mama anayetegemea maharusi peke yake anakaa mwezi na nusu bila kazi, mara tu baada ya Januari ya ada. Hela ya Desemba lazima igawanywe kwa miezi minne hata kama mfukoni inaonekana nyingi.

#12 Kaskazi
Hapo umenipata, Chungwa. Nakubali.

#13 Dira
Wote mnaongelea kipato. Mbona baba wa watoto ameachwa kwenye #1 kama mvua isiyonyesha? Kwa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, mama anaweza kuomba matunzo mahakamani hata kama hawakuoana. Aanzie Ustawi wa Jamii, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, risiti za ada na matibabu, na chochote kinachoonyesha kazi ya baba. Sheria ya zamani ilikuwa na ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Imefutwa, lakini bado kuna akina mama wanaamini "mahakamani utapewa mia". Mahakama sasa inaangalia uwezo wa mzazi na mahitaji ya mtoto.

Kabla ya kumtoa mama usiku akanengue, mwacheni aende ofisi ya mtaa asubuhi.

#14 Kibandani
Dira, hiyo ya 2009 ni ya Bara. Huku Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011, na kwa Waislamu mambo ya ndoa na talaka yanapita kwa Kadhi. Mtu wa Unguja akisoma uzi huu asiende na namba isiyo yake.

#15 Pwani Moja
Na Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 53 inasema wajibu wa kulea ni wa baba na mama sawasawa, wawe wameoana au la. Ipo pia Sheria ya Watoto ya 2022.

Nikirudi kwenye kucheza: huku hoteli za Diani na Malindi kundi linaloleta chakacha safi, sengenya na mwanzele halikosi kuitwa msimu wa wageni. Shida yetu ni Mei na Juni, mvua za masika, hoteli nyingine zinafunga kabisa. Kwa hiyo Ngoma Droo ana kalenda yake mbaya kama Kaskazi. Uliza pia nani analipa: hoteli, au dalali anayeleta vikundi. Kukiwa na dalali katikati, hela inafika imechelewa na imekatwa, na mcheza ngoma hajui hoteli ilitoa kiasi gani.

#16 Ngoma Droo
Kweli, msimu upo. Ndiyo maana kikundi kisiishi kwa maonyesho tu. Watu wanane wanaofanya mazoezi pamoja kila wiki ni chama tayari. Wacheze ngoma na wacheze mchezo wa hela, yaani upatu. Kila mmoja 5,000 kwa wiki, mtu mmoja anapokea 40,000 kila wiki kwa zamu. Mwenye kodi inayokaribia apewe zamu ya mapema.

Halmashauri nazo zina ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, bila riba. Kikundi cha watu kumi kinaandikishwa.

#17 Mkia wa Taa
Kumi ilikuwa zamani mkuu, sasa wanawake ni kuanzia watano. Mikopo yenyewe ilisitishwa 2023 na kurudi 2024, waliokatishwa tamaa wakati ule waende tena kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini sikubali kwamba kikundi cha ngoma kikope. Mkopo wa kikundi unamfunga kila mmoja kwa deni la mwenzake, na kikundi cha ngoma huvunjika wacheza wawili wakigombania mstari wa mbele. Akope kwa vitumbua vyake, ngoma ibaki bila deni.

#18 Ngoma Droo
Ngoma isiyo na mtaji inacheza na sketi za kuazima, mkuu. Ngozi za ngoma, njuga, mavazi sare ya ngoma tano, usafiri wa vyombo: vyote vinunuliwe na nini?

#19 Kibandani
Kwenye hili la vikundi, tusisahau wanawake wa pwani walikuwa na lelemama zao zenye viongozi, sare na michango, ile ngoma ya unyago...

#20 Dira
Lelemama si ya unyago, Kibandani. Ilikuwa ngoma ya vyama vya wanawake, ya mashindano. Lakini hoja yako ina nguvu. Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wa nyimbo kwenye kikundi cha ngoma cha Bomba hapa Dar. Mwaka 1955 alipoanza kuwaingiza wanawake TANU, chama kilichodai uhuru, alipita kwa viongozi wa vikundi hivyohivyo vya ngoma. Watu walikuwa wameshajipanga, wana uongozi na wanachanga.

#21 Chungwa
Historia tamu, ila mtoto wa miaka mitatu bado hajapata pa kulala.

Na tuongelee mwili wake. Mwanamke aliyezaa mara mbili, huenda mmoja kwa upasuaji, asirudi kurukaruka kwa sababu tu amepata kazi. Baada ya kujifungua asubiri angalau wiki sita na apimwe. Kwa upasuaji, kuruka na kuzungusha nyonga kwa nguvu asubiri miezi mitatu hivi. Mkojo ukimtoka kidogo akiruka, misuli ya chini ya nyonga imelegea: aibane kama anayezuia mkojo, ashikilie sekunde tano, aachie, mara kumi, mara tatu kwa siku, na matokeo huchukua miezi, si siku. Kama mkojo unavuja muda wote bila kukoma, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, hiyo haiponi kwa mazoezi. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wanaitibu bure. Wanawake wengi huacha kucheza kimyakimya kwa sababu hii na kusingizia uchovu.

Na kibwebwe kisifungwe kwenye tumbo lililolegea kulibana "lirudi". Kanga ikunjwe kwa urefu hadi ibaki upana wa vidole vinne, izungushwe juu ya mfupa wa nyonga, chini ya kitovu, fundo likae ubavuni. Fundo la mgongoni linachoma uti wa mgongo akichuchumaa kwenye sindimba, la mbele linafunguka akivuta pumzi. Njuga zivishwe juu ya kitambaa, la sivyo kifundo kinachubuka onyesho la kwanza na la pili anachechemea.

#22 Mzizima
Dada Chungwa, asante. Hilo la misuli sijawahi kusikia likisemwa wazi.

Swali la nyongeza: video za mtandaoni je? Si angerekodi nyumbani mtoto akilala?

#23 Nyundo
Video zinaleta wateja, hela ya moja kwa moja ni ndogo na ni mbali. YouTube wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90, ndipo mgawo wa matangazo uanze. Na akicheza wimbo wa msanii, mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato yote. Arekodi kwa ngoma za kupigwa na wenzake. Video moja ya dakika moja inayoonyesha maharusi waliofundishwa, kwa ruhusa yao, yenye namba ya simu, ina faida kuliko video mia za kucheza chumbani.

Hatua alizozitunga mwenyewe zina ulinzi wa Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo pa kusajili. BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) nako ajisajili kama msanii, afisa utamaduni wa wilaya atamwelekeza. Kikundi kisicho na karatasi kinafukuzwa ukumbini hata kama kinacheza vizuri.

#24 Kaskazi
Kwa hiyo maharusi Jumamosi, darasa la jioni siku tatu, vitumbua asubuhi. Bendi hapana.

#25 Ngoma Droo
Na lini analala? Mwalimu wa maharusi ana jina mpaka atokee kijana mwenye hatua mpya. Mcheza ngoma za asili akifika miaka 45 anakuwa mwalimu wa wenzake. Angalia miaka 20, si kodi ya miezi mitatu.

#26 Chungwa
Kodi ya miezi mitatu ndiyo itakayomtoa nje mwezi ujao, Ngoma Droo.

#27 Mzizima
Nimekaa na karatasi tangu asubuhi. Mkia wa Taa, kwa darasa la watu 12 nje, anunue spika ya aina gani kwanza?

#28 Mkia wa Taa
Ya kuchaji, yenye tundu la flashi na la maiki. Ya bluetooth pekee asichukue, simu ikiishiwa chaji darasa limekwisha. Aijaribu dukani kwa sauti ya juu dakika kumi nzima: ikianza kukwaruza besi, arudishe palepale. Aichaji usiku, maana umeme ukikatika saa kumi jioni wanafunzi watakuwa wameshafika. Na wiki ya kwanza aazime kwanza, ahesabu watu wanaokuja kweli, ndipo anunue.

#29 Pwani Moja
Na mtoto mdogo aketishwe upande wa pili wa spika. Ngoma za masikio ya mtoto hazistahimili saa nzima ya besi.